Je, Wajua? Hulk Hakuanza na Kijani

Toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Hulk, Mei 1962, lilimtoa akiwa wa kijivu. Mitambo ya uchapaji ikashindwa kuishika rangi hiyo: hapa imefifia, pale karibu nyeusi. Toleo la pili, akawa kijani.

Enzi hizo katuni zilitiwa rangi kwa njia ndefu. Mtia rangi alipaka nakala ya mchoro tu, kisha akaandika msimbo juu ya kila kipande. Y2R2, yaani robo ya njano na robo ya wekundu, ilitoa ngozi ya Mzungu. Ya Mweusi mara nyingi iliishia kijivu!

Misimbo hiyo ilitegemea wino tatu, kila mmoja kwa viwango vinne: hakuna, robo, nusu, kamili. Jumla rangi 64.

Kisha, kwa kufuata misimbo hiyo, kule Bridgeport, Connecticut, mafundi, wengi wao wanawake, waliandaa sehemu za kila wino peke yake, kwa mkono.