Usimamizi wa Akaunti na Uanachama wa Vikundi katika Saraka ya Mtandao: Ulinganisho na Daftari la Kaya za Kisesa

1.0 Utangulizi

Bujora, iliyoko Kisesa mashariki mwa jiji la Mwanza, inafahamika zaidi kwa Makumbusho ya Wasukuma na sherehe za ngoma za Bulabo. Miongoni mwa watafiti wa afya, Kisesa inafahamika kwa sababu nyingine. Tangu mwaka 1994, wakazi wake wamekuwa wakifuatiliwa kaya kwa kaya chini ya kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mbali na vizazi, vifo na uhamaji, ufuatiliaji huo umehusisha pia uchunguzi wa Virusi vya UKIMWI (VVU) kwa watu wazima.

Makala haya yanafafanua usimamizi wa akaunti za watumiaji na uanachama wa vikundi katika saraka ya mtandao wa taasisi, kwa kuulinganisha na kanuni za daftari la kaya. Hayaelezi mtandao wa taasisi yoyote mahususi. Hoja inayojengwa ni kwamba uanachama ni kipindi chenye mwanzo na mwisho, na saraka isiyonakili mwisho haiwezi kulinda siri iliyokabidhiwa.

2.0 Mkazi, Kaya na Wakati

Katika ufuatiliaji wa idadi ya watu, kila mkazi hupewa namba ya pekee. Mtu huingia daftarini kwa kuhesabiwa mara ya kwanza, kwa kuzaliwa au kwa kuhamia. Hutoka kwa kufa au kwa kuhama. Kuolewa au kuhamia nyumba ya jirani hubadilisha kaya yake, lakini hakubadilishi namba yake.

Makosa mawili huharibu daftari la aina hii. La kwanza ni kutofunga kipindi cha aliyehama. Kijana aliyekwenda kuvua samaki visiwani akiendelea kuhesabiwa kuwa mkazi, idadi ya watu walio hatarini huongezeka kwa uongo na kiwango cha vifo huonekana kidogo kuliko kilivyo. La pili ni kumpa namba mpya mtu aliyerejea. Mtu mmoja huwa wawili, na historia yake hukatika.

3.0 Akaunti na Utambulisho

Saraka ya mtandao ni daftari la watumiaji, kompyuta na vikundi, ambalo seva nyingine hulitumia kuthibitisha mtu ni nani. Saraka nyingi hufuata itifaki ya LDAP, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inayotumika sana katika maofisi ni Active Directory ya Microsoft, iliyotolewa pamoja na Windows 2000.

Katika Active Directory, jina la mtumiaji si utambulisho wake halisi. Kila akaunti hupewa namba ya usalama isiyorudiwa, na ruhusa huandikwa kwa namba hiyo. Kwa hiyo, mtumishi akibadilisha jina, ruhusa zake hubaki. Akaunti ikifutwa na nyingine kuundwa kwa jina lilelile, mfumo humwona mtu mpya kabisa asiye na ruhusa yoyote. Hili ni kosa la pili la daftari la kaya katika sura nyingine. Ndiyo maana akaunti ya aliyeondoka hufungwa kwanza, na kufutwa baadaye muda uliowekwa ukipita.

4.0 Vikundi na Ruhusa

Kumpa kila mtumishi ruhusa binafsi juu ya kila kabrasha ni kazi isiyokaguliwa kwa urahisi. Utaratibu unaopendekezwa una ngazi mbili. Watumiaji huwekwa katika vikundi vya majukumu, kwa mfano wadadisi, makarani wa kuingiza data na wachambuzi. Vikundi hivyo huwekwa ndani ya vikundi vya rasilimali, kwa mfano wasomaji wa matokeo ya VVU, na ruhusa hupewa vikundi vya rasilimali pekee. Mdadisi akipandishwa kuwa mchambuzi, msimamizi hubadilisha uanachama mmoja tu.

Hata hivyo, vikundi vilivyo ndani ya vikundi huweza kuficha ruhusa. Kikundi cha wadadisi kikiingizwa kimakosa katika kikundi cha wachambuzi, orodha ya wachambuzi itaonyesha jina moja la kikundi, ilhali wadadisi wote wameshapata haki ya kusoma. Ukaguzi unapaswa kufuata mnyororo mzima hadi kwa mtu mmoja mmoja.

5.0 Mwisho wa Uanachama

Kuongeza mtu kikundini hufuatiliwa na mwenye haja, kwani asipoongezwa hawezi kufanya kazi. Kumwondoa hakuna anayekudai. Matokeo yake ni mtumishi anayehama idara akibeba ruhusa za kila alikopita, kama mkazi anayehesabiwa katika kaya tatu.

Aidha, kuondolewa hakufanyi kazi papo hapo. Windows hukusanya orodha ya vikundi vya mtumiaji anapoingia kwenye mfumo. Aliyekwisha kuingia huendelea na orodha ya zamani hadi atoke. Tiketi ya Kerberos inayothibitisha utambulisho wake hudumu saa 10 kwa mpangilio wa awali. Mtumishi aliyeachishwa kazi asubuhi anahitaji kufungiwa akaunti na kukatiwa vipindi vilivyo wazi siku hiyohiyo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia katika mfumo bila kibali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji alinde taarifa alizonazo. Hata hivyo, saraka iliyosahau kufunga akaunti humtambua aliyeondoka kuwa mtumiaji halali, na kumbukumbu za mfumo hazitaonyesha uvamizi wowote.

6.0 Hitimisho

Kosa la kitakwimu katika daftari la kaya huweza kusahihishwa katika mzunguko unaofuata wa kuhesabu. Siri ya mkazi ikisomwa na jirani yake aliyewahi kuwa mdadisi haiwezi kurudishwa. Kwa mantiki hiyo, kila uanachama katika saraka unapaswa kuwa na mwenye dhamana, sababu na tarehe ya mwisho, na orodha ya watumishi walioondoka ilinganishwe na saraka mara kwa mara, kama mdadisi anavyorudi katika kila kaya kuuliza nani bado yupo.