Ushuru wa Soko na Haki ya Kuchagua Miradi Midia

Siku ya soko, mama anayeshusha kikapu cha muhogo au furushi la ufuta katika masoko ya Koboko hutoa ushuru, hupokea risiti, kisha huanza kuuza. Shilingi hizo ni chache, na pengine ndiyo sababu ni watu wachache waulizao zinakokwenda. Lakini sisi twaona kwamba swali hilo lastahili kutangulia maswali mengi ya maendeleo katika Gombolola ya Midia, maana ushuru ni miongoni mwa fedha chache sana ambazo wananchi wa hapa waweza kuzipangia kazi kwa hiari yao.

Tutenganishe kodi mbili, kwa kuwa aghalabu huchanganywa. Anunuaye sabuni dukani hulipa, ndani ya bei, Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyoanza nchini Uganda mwaka 1996 na ambayo sasa ni asilimia 18. Kodi hiyo huingia Hazina ya Taifa. Irudipo Koboko huja katika sura ya ruzuku, na sehemu kubwa ya ruzuku huwa imekwisha kuandikiwa kazi: hii ya mishahara ya walimu, hii ya zahanati, hii ya barabara. Gombolola haina uwezo wa kuigeuza.

Ushuru wa soko una njia yake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 yaiachia gombolola asilimia 65 ya mapato inayoyakusanya, na asilimia 35 hupelekwa wilayani. Ile sehemu ya gombolola nayo hugawanywa tena: asilimia 25 kwa vijiji, 5 kwa muluka, 5 kwa saza. Basi katika kila shilingi 10,000 zilizokusanywa, 3,500 huenda wilayani, 1,625 vijijini, 325 kwenye muluka, 325 kwenye saza, na 4,225 hubaki gombolola. Afisa wa ugavi jeshini asiyeweza kueleza gunia moja la posho limekwenda wapi huitwa ajibu. Hatuoni kwa nini hesabu ya soko iwe na masharti mepesi zaidi.

Tena baraza la kijiji, kwa sheria hiyo hiyo, si mwenyekiti na wasaidizi wake peke yao. Ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Asiyehudhuria mkutano amewaachia wengine kura yake juu ya fedha zake mwenyewe.

Wazee wangali wakiikumbuka ile kodi ya kila mwaka aliyotozwa mwanamume mzima kwa kadiri ya mapato yake, na jinsi watu walivyokimbilia vichakani walipowaona askari wa chifu. Kodi hiyo ilisimamishwa mwaka 2005, nao wananchi walishangilia, si bila haki. Lakini serikali za mitaa zilipoteza nguzo yao kubwa ya mapato. Mwaka 2008 zilipewa kodi ya huduma ya mitaa na kodi ya hoteli. Kodi hizo huwafaa wenye miji, penye watu wa mishahara na nyumba za wageni. Gombolola ya wakulima haziifai sana. Huko, soko ndilo ghala.

Je, kilicho ghalani kifanye nini? Mikutano ya wananchi, popote ilipo, hupenda jengo jipya. Darasa huonekana, hufunguliwa kwa ngoma, na jina la diwani hukumbukwa. Mpira uliochakaa ndani ya bomba la kisima hauna sherehe. Lakini bomba likikwama, wasichana huamka alfajiri kwenda mtoni, na shule yenye darasa jipya huwakosa asubuhi nzima. Rai yetu ni hii: majengo makubwa na yaombewe ruzuku, ambako fedha zake ziko, ushuru mdogo na utumike kwanza kutengeneza visima, kuzibua makalvati, na kuchimba choo cha soko lenyewe. Anayelipa ushuru akatafuta kichaka cha kujisitiri ana haki ya kuuliza amelipia nini. Choo hicho kitamfaa pia Mkongo aliyevuka mpaka na mkimbizi wa Lobule ajaye kununua unga. Ushuru wao hukusanywa kama wa wenyeji, ilhali hawana kura katika kuchagua viongozi wetu.

Yapo mafunzo ya mbali yanayotufaa. Mji wa Oklahoma City, nchini Marekani, uliwapelekea wakazi wake kura mnamo Desemba 1993: je, wakubali kuongeza senti moja katika kila dola ya mauzo kwa muda wa miaka mitano, ili kujenga miradi tisa iliyotajwa mmoja mmoja, ukiwamo maktaba na uwanja wa michezo? Wakakubali. Gharama zilipozidi makisio, viongozi walirudi kwa wapiga kura mwaka 1998 kuomba miezi sita zaidi, wakapewa. Utajiri wa mji ule haufanani na wetu hata kidogo. Linalotuhusu sisi ni utaratibu: orodha ya miradi iliandikwa kabla ya senti ya kwanza kutozwa, na nyongeza iliombwa waziwazi.

Kuna jambo jingine lisilopendeza kulitaja, nasi twalitaja. Sheria yaweka mpaka: posho na malipo ya madiwani yasizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Penye mapato haba, mpaka huo hufikiwa upesi, na kila kikao kinachozidi kingeweza kuwa mfuko wa saruji. Mwananchi aweza kuhakikisha kwa namba mbili tu, jumla ya ushuru wa mwaka jana na jumla ya posho za mwaka huu. Zikibandikwa ukutani mwa ofisi ya gombolola, kwa Kiswahili na kwa Kikakwa, hata mtoto wa shule ataweza kugawanya.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini orodha ya miradi huanza kuandikwa miezi mingi kabla, vijijini, kisha hupanda kwenye muluka, gombolola na wilaya. Kisima kisichotajwa katika mkutano wa kijiji hakitaonekana katika karatasi itakayosomwa Koboko.