Mkono Ulioumia Siku ya Kuzaliwa



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi husemwa kwa sauti ya chini, au halisemwi kabisa. Nalo ni habari ya mtoto aliyezaliwa, mkono wake mmoja ukamlegea. Wengine husema mtoto kapigwa na upepo. Wengine humtupia lawama mkunga. Na wengine humshonea mtoto kanzu ya mikono mirefu, wakanyamaza. Katika hayo matatu, hilo la mwisho ndilo tuliogopalo zaidi, na sababu yake ni hii.

Tulimzuru kijana mmoja wa miaka 17 aliyetoka hospitali baada ya kupasuliwa ngiri. Jeraha la ngiri lilikuwa limepona. Lililokuwa likimliza ni bega. Mkono wake wa kushoto ni dhaifu tangu azaliwe, wala haunyanyuki kupita usawa wa bega. Alipokuwa amelala kwa dawa ya usingizi, mkono ule ulinyooshwa juu ya ubao wa pembeni kama unyooshwavyo mkono wa mgonjwa yeyote, naye hakuwa macho hata aseme, "Basi, hapo panauma." Na mkono wa kulia, ambao ndio pekee amtumikiao, ulikuwa umetiwa sindano ya maji, hata siku mbili akalishwa kama mtoto mchanga. Tukamwuliza baba yake: "Je, mzee, mlimwambia daktari habari ya mkono huu?" Akainamisha kichwa, akajibu: "Hatukuulizwa, nasi tuliona haya kusema."

Hatumlaumu daktari, kwani chini ya shuka mkono huo hufanana na mkono wowote. Wala hatumlaumu mzee yule. Tuilaumuyo ni haya isiyokuwa mahali pake.

MKONO HUU UMEPATWA NA NINI?

Katika uti wa shingo, kila upande, hutoka mizizi 5 ya mishipa ya fahamu. Mizizi hiyo husukana pamoja kama miyaa katika ukili, ikapita nyuma ya mfupa wa mtulinga, ikateremka kwapani, kisha ikagawanyika mkono mzima mpaka ncha za vidole. Mizizi ya juu hutumikia bega na kukunja kiwiko. Ya chini hutumikia kiganja na vidole.

Wakati wa kuzaa, huenda kichwa cha mtoto kikatoka, na bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena cha mama. Dakika hizo ni za hatari kubwa, kwani mtoto akikawia hukosa hewa. Shingo ikivutika upande mmoja na bega likabaki nyuma, mishipa ile hunyooka kupita kiasi. Ikiwa imenyooka kidogo tu, hupona yenyewe. Ikiwa imekatika, au imeng'oka kutoka katika uti wa mgongo, haiponi bila ya kupasuliwa, na pengine hata kwa kupasuliwa haiwi kama ilivyokuwa. Hukadiriwa kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 1 au 2 hupatwa na jambo hili. Hatari huzidi mtoto akiwa mkubwa sana, au mama akiwa na ugonjwa wa sukari, au mtoto akitanguliza matako. Lakini mara nyingi hutokea pasipo dalili yoyote iliyotangulia. Kwa hivyo si haki kila mara kumtia mkunga hatiani.

Wala si ugonjwa mpya. Tabibu Mskoti, William Smellie, aliuandika, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1764. Mfaransa Duchenne aliueleza mwaka 1872, na Mjerumani Erb mwaka 1874, na kwa jina la huyu wa mwisho madaktari huuita hata leo.

Na wazee wetu wa Tanganyika waliishi chini ya utawala wa mtu mwenye mkono kama huu, ijapokuwa wengi wao hawakuijua habari hiyo. Naye ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Wadachi, ambaye sura yake ilipigwa katika rupia zilizotumika hapa kwetu. Alizaliwa Berlin tarehe 27 Januari 1859, akitanguliza matako, na mkono wake wa kushoto ukaumia. Watu wa jumba la kifalme hawakuacha hila. Mkono wa mtoto ulitiwa ndani ya mwili wa sungura aliyechinjwa punde hivi, kwa kutumaini kuwa joto lake lingeutia nguvu. Ukapitishwa umeme. Mkono wa kulia ukafungwa ili ule wa kushoto ulazimike kufanya kazi. Yote hayo hayakufaa kitu. Alipokuwa mtu mzima mkono ule ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe kwa kadiri ya sentimita 15, naye akawa kila apigwapo picha huuweka juu ya mpini wa upanga, au huushikisha glavu, ili watu wasitambue. Mfalme mwenye majeshi aliweza kuuficha mkono wake. Lakini mgonjwa aliyelala juu ya kitanda cha hospitali, kuficha humdhuru nafsi yake.

SIKU ZA KWANZA

Mama akiona mkono mmoja wa mtoto hauchezi kama wa pili, na aupeleke habari kwa daktari siku ile ile, asingoje arubaini. Huenda mfupa wa mtulinga au wa mkono umevunjika, na hilo ni jambo jingine lenye dawa yake. Na aangalie pia jicho la upande ule: ikiwa kope limeinama na mboni ni ndogo kuliko ya pili, ni dalili kuwa mishipa imeumia sana. Mtoto akihema kwa taabu, asicheleweshwe hata saa moja, kwani mshipa unaoamrisha kiwambo cha pumzi nao hutoka shingoni, na huenda umeumia pamoja na mingine.

Hapa twalazimika kusema juu ya desturi yetu moja. Katika nyumba nyingi mtoto akisha kuogeshwa hukandwa na kunyooshwa viungo: mkono huvutwa kuelekea mguu, kisha mtoto hunyanyuliwa kwa mikono yake. Kwa mtoto huyu jambo hilo ni hatari, kwani huenda likavuta tena mishipa ile ile iliyoumia. Kadhalika asipigwe chale wala kuumikwa chuku juu ya mkono huo, kwa kuwa ngozi isiyohisi vizuri haitoi habari ya maumivu, na kidonda chake hupuuzwa.

Lipasalo ni hili. Mtoto asinyanyuliwe kwa makwapa wala kwa mikono, bali kiganja kimoja kiwe chini ya kichwa na shingo, na cha pili chini ya matako, na mkono dhaifu uegemezwe mwilini usining'inie. Akivishwa, mkono dhaifu utangulie kuingia katika nguo. Akivuliwa, uwe wa mwisho kutoka. Akibebwa kwa mbeleko au kulazwa, mkono usibanwe chini yake. Kisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo atamfundisha mama namna ya kuukunja na kuukunjua taratibu, mara kadha kila siku, ili viungo visikauke. Mazoezi haya ni ya upole. Hayafanani na kunyoosha kwa nguvu tulikokutaja.

Watoto wengi hupona katika wiki au miezi ya kwanza. Lakini mshipa uliokatika hukua polepole, kadiri ya milimita 1 kwa siku, na misuli haingoji milele. Kwa hivyo madaktari wameweka mpaka: mtoto akifikia miezi 3 naye hawezi kukunja kiwiko kuleta mkono kinywani, apelekwe kwa daktari bingwa wa mishipa hiyo. Mzazi anayengoja mwaka mzima akisema "atapona tu" huenda akaupoteza wakati ambao haurudi.

MLANGONI MWA HOSPITALI

Mtoto hukua, naye kama watu wote ataugua homa, atachanjwa, atapimwa damu, na pengine atapasuliwa. Mkono ule hauachi kuwa mkono ulioumia kwa sababu mwenyewe amezoea. Basi kabla ya jambo lolote na aseme, au wazazi wake wamsemee.

Kwanza, presha. Mkono dhaifu aghalabu ni mwembamba, na kitambaa cha kupimia kisichouenea huweza kutoa hesabu ya uongo. Tena kuubana hakuufai. Na ipimwe katika mkono mzima au mguuni.

Pili, sindano. Chanjo na kutoa damu kuwe upande mzima, au pajani kwa mtoto mchanga. Ama sindano ya maji, hiyo yataka fikira. Ikitiwa katika mkono dhaifu, maji huweza kuvuja chini ya ngozi na mgonjwa asihisi mpaka mkono uvimbe. Ikitiwa katika mkono mzima, mgonjwa hubaki hana mkono hata mmoja. Basi muuguzi aombwe asiitie penye kiwiko wala kiganjani, ili vidole vibaki huru, na mtu wa nyumbani akae karibu kumsaidia. Na ikilazimu kutumiwa mkono dhaifu, uangaliwe mara kwa mara kwa macho, kwa kuwa mwenyewe hatasikia uchungu.

Tatu, dawa ya usingizi. Mtu aliyelala misuli yake yote hulegea, na mkono huenda popote unapopelekwa. Kwa hivyo, kabla ya kulazwa, na amwonyeshe daktari wa usingizi, yeye mwenyewe akiwa macho: "Mkono wangu huishia hapa." Usipelekwe kupita hapo. Na mkono mzima nao ulindwe vivyo hivyo, usinyooshwe mno, kwani ukidhurika huo amebaki na nini?

Nne, sindano ya ganzi ya shingoni. Mtu akipasuliwa bega au mkono mzima, pengine hupigwa sindano ya ganzi shingoni, nayo kwa kawaida huzuia kwa saa kadha nusu ya kiwambo cha pumzi cha upande ule. Kwa mtu mwingine si kitu. Lakini ikiwa nusu ya upande wa pili ilidhoofika tangu siku ya kuzaliwa, huyu atakosa pumzi. Daktari anayejua atatafuta njia nyingine, asiyeambiwa atajuaje?

Tano, joto na plasta. Chupa ya maji moto, taa ya kukandia, au plasta iliyobana huweza kuunguza au kuozesha ngozi isiyohisi. Na nyumbani ni vivyo hivyo: maji ya kuoga yajaribiwe kwa mkono mzima, na mtoto mdogo aangaliwe asiuume vidole vyake, kwani wako wanaojing'ata mpaka damu pasipo kujua.

Twashauri kila mwenye mkono huu awe na karatasi ndogo mfukoni, imeandikwa hivi: "Mkono wangu wa kushoto" (au wa kulia) "uliumia mishipa ya fahamu siku ya kuzaliwa. Hauhisi kikamilifu. Tafadhali usivutwe, wala usinyanyuliwe kupita ninapoonyesha. Presha na sindano viwe upande wa pili." Karatasi hii haimfungi daktari. Panapokuwa na hatari ya roho, atatumia mshipa wowote aupatao, na ni wajibu wake. Lakini ataufanya akijua.

MKONO MZIMA, NA IBADA

Vijana wetu wenye udhuru huu hujivunia kufanya kila kazi kwa mkono mmoja, na wana haki ya kujivunia. Lakini mkono unaofanya kazi ya miwili huchoka mapema, na wengi wafikapo utu uzima hulalamika bega na kifundo cha mkono ule mzima. Ndoo mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, na kuomba msaada si aibu.

Na liko neno la mwisho kwa wazee. Tumeona mtoto ambaye mkono wake wa kulia ndio ulioumia, akikemewa mbele ya sinia kwa kuwa ala kwa kushoto. Katazo la kula kwa mkono wa kushoto lamhusu mwenye uwezo. Wanavyuoni wamebainisha kuwa mwenye udhuru hana lawama. Kadhalika katika takbiri atanyanyua mkono kadiri awezavyo, au atanyanyua ule mmoja. Na katika udhu yafaa asaidiwe kumiminiwa maji na kuoshwa. Mtoto anayekemewa kwa jambo asiloliweza hujifunza kuuficha mkono wake. Huko ndiko kuficha kunakoanzia, na mwisho wake ni kijana yule aliyenyamaza mbele ya daktari.

Na mama aliyezaa mtoto wa namna hii, akichukua mimba nyingine, amweleze mkunga mapema kuwa mtoto wa kwanza alikwama bega, kwani jambo hilo huweza kurudi, na hospitali iliyopewa habari hujiandaa.

Yule kijana tuliyemtaja sasa anayo karatasi yake. Mara ya pili alipokwenda hospitali, kwa kung'olewa jino, baba yake ndiye aliyetangulia kusema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape afya watoto wetu, na awape wazazi wao ulimi wa kuwasemea. Wabillahi tawfiq.