Vidonge vya Bunduki ya Upepo: Tuepuke Madini ya Risasi

Leo tunazungumza na wewe unayetumia bunduki ya upepo kupigia panya ghalani. Pengine kihamba chako kiko Kibosho au Marangu, na kuku wako wanapekua chini ya migomba kutwa nzima. Je, umewahi kujiuliza kile kidonge ulichopiga kimeangukia wapi?

Vidonge vingi vya bunduki hii ni vya madini ya risasi, nayo ni sumu. Kuku humeza changarawe ili firigisi isage chakula. Akiokota kidonge atakimeza vilevile, kisagike kidogo kidogo, na sumu imwingie mwilini. Paka akila panya aliyepigwa, naye yumo hatarini. Lakini zaidi ni watoto wetu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii huharibu ubongo wa mtoto. Kwa hiyo mtoto asichezee vidonge, na wewe usivibane mdomoni unapopakia.

Basi tufanye nini? Uliza dukani vidonge visivyo na risasi. Vingi ni vya bati. Si mabati ya kuezekea, bali madini yale ya kulehemu. Ukichagua, angalia mambo manne.

Kwanza, kipenyo. Bunduki nyingi ni za milimita 4.5 au 5.5. Soma namba kwenye bunduki yako, usibahatishe.

Pili, uzito. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ni gramu 11.3, ya bati ni gramu 7.3 tu. Kidonge cha bati hutoka kwa kasi, lakini huchoka mapema. Piga kwa karibu. Ndani ya ghala kinatosha kabisa.

Tatu, ugumu. Bati ni gumu kuliko risasi, hivyo kidonge hurudi kikigonga jiwe au chuma. Weka mfuko wa mchanga nyuma ya shabaha, na uvae miwani.

Nne, jaribu. Bandika karatasi hatua kumi, upige vidonge vitano vya kila aina. Aina iliyotoboa matundu yaliyokaribiana ndiyo ya bunduki yako.

Je, kwelea kwelea wa mpunga kule Mabogini na Chekereni? Hao huja kwa maelfu, usipoteze kidonge. Mwarifu bwana shamba mapema. Tumbili na ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Usiwapige bila kibali. Na kabla ya kununua bunduki yenyewe, pita polisi uulize masharti.

Mwisho, vidonge vya zamani usivitupe kihambani. Viokote, vitie katika kopo lenye kifuniko, mbali na watoto, kisha unawe mikono kwa sabuni. Panya ni adui wa mahindi, ndugu mkulima, lakini tusimfukuze kwa kuwalisha watoto sumu. Kwaheri.