Mti Umelalia Gari: Ya Kweli na Yasiyo Kweli Kuhusu Bima

Kila masika, baada ya usiku mmoja wa upepo, barazani utasikia neno lile lile: bima hawalipi. Wapo walionyimwa haki yao, sibishi. Lakini wengi niliowasikiliza walipoteza dai lao kwa walichofanya asubuhi ile, au kwa mkataba ambao hawakuwahi kuufungua.

“Upepo ni kazi ya Mungu, bima haihusiki.”
Si kweli, na hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa mtu huacha hata kudai. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, hakuna aliyekuwa na mkosaji wa kumshtaki. Bima ipo kwa ajili ya hasara za namna hiyo hasa. La kuuliza ni moja: je, dhoruba na mafuriko vimeandikwa katika mkataba wako?

“Nina bima ya moto, nyumba yangu iko salama.”
Nusu kweli. Bima ya moto ya msingi hubeba moto na radi. Dhoruba na mafuriko mara nyingi ni nyongeza, na lazima uione imeandikwa. Uzio na geti huachwa nje katika mikataba mingi. Na wewe mpangaji, bima ya mwenye nyumba haigusi godoro lako wala friji yako.

“Gari lina bima, mti ukiliangukia nitalipwa.”
Kama ni bima kubwa, kwa kawaida ndiyo. Bima ndogo, ile ya lazima, hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Gari lako mwenyewe halimo.

“Usiguse kitu mpaka mkaguzi afike.”
Si kweli. Mkataba wa bima hukutaka uzuie hasara isiongezeke. Bati limeng'oka na mvua bado inanyesha, ukakaa unamsubiri mkaguzi siku tatu huku dari inaoza? Dari hiyo wanaweza kukuambia ni yako. Anza na picha, nyingi: paa kwa ndani na kwa nje, alama ya maji ukutani, mti ukiwa bado juu ya boneti, namba ya gari ikionekana. Kisha funika kwa turubai, hamisha vitu pakavu, na tunza risiti ya turubai na ya vibarua. Matengenezo ya kudumu yasubiri kibali chao. Zulia lililolowa na bati lililopinda usivitupe wala kumpa muuza vyuma chakavu kabla havijakaguliwa. Toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama umeshapiga simu. Mkataba huweka muda wake.

“Gari lililozama, jaribu kuliwasha. Likiwaka, ni zima.”
Si kweli kabisa. Hewa hushindilika, maji hayashindiliki. Pistoni ikipanda na kukuta maji, chuma kinachoisukuma hupinda, na injini huenda ikafa hapo hapo. Kampuni nayo yaweza kudai kuwa mvua ilileta maji, ila aliyeua injini ni wewe na ufunguo wako. Chomoa betri, ita bredauni.

“Ukiandikisha thamani ndogo, utalipwa pungufu hata hasara ikiwa ndogo.”
Kweli. Nyumba ya milioni 60 umeiandikisha milioni 30 ili ada ipungue. Paa la milioni 10 limeruka. Kwa kanuni ya wastani utapata milioni 5, maana ulikata bima ya nusu ya nyumba. Humo hutolewa pia kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakutaka ukibebe mwenyewe. Bei za saruji na bati zinapanda. Thamani iliyoandikwa miaka mitano iliyopita ipitie upya.

“Wakikataa, yameisha.”
Si kweli. Omba barua inayotaja kifungu walichokitumia. Kwa Tanzania, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda na barua hiyo, mkataba na picha zako. Na wakikuletea malipo madogo pamoja na karatasi ya kusaini kuwa umeridhika, isome yote kwanza. Ukishaisaini kuwa ni malipo ya mwisho, kwa kawaida dai limefungwa.