Maumivu ya Tumbo ya Jumatatu si Uongo

Mzazi, mtoto wako akilalamikia tumbo kila Jumatatu asubuhi, na Jumamosi ni mzima, usiseme anajifanya. Hofu ya mtihani, kuonewa shuleni au ugomvi wa nyumbani huleta maumivu ya kweli, kwani ubongo na utumbo huunganishwa na mishipa ya fahamu.

Mpeleke kwa daktari wa watoto. Atampima kwanza kuhakikisha hana ugonjwa mwingine. Akiwa kijana, toka nje waongee faraghani. Yapo asiyoweza kuyasema mbele yako. Daktari aweza kumfundisha kupumua polepole, kumshauri alale saa 8 hadi 10, au kumtuma kwa mshauri.

Akitaja kutaka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.