Kabla ya Kuilaumu Kadi

Katika studio za picha za miji yetu, kuanzia vichochoro vya Kariakoo hata Mombasa na Nairobi, kazi ya mpigapicha haimaliziki tena pale kitufe cha kamera kinapobonyezwa. Humalizikia mezani, mbele ya kompyuta, ambako nuru huongezwa, madoa hufutwa, na uso wa bibi arusi hupewa staha yake kabla ya picha kupelekwa kwa mchapaji. Kwa hiyo siku programu ya kuhariri picha inapofanya ukaidi, uwanja wa picha ukageuka mweusi tii ilhali vidirisha vya pembeni vi salama, au brashi ikaburura nyuma ya mkono, au kioo kizima kikazimika na kuwaka tena kana kwamba hapakutokea jambo, mwenye studio hushikwa na fadhaa, na fadhaa humpeleka moja kwa moja kwenye hukumu iliyo ghali kuliko zote, kwamba kadi ya grafiki imekufa na hapana budi kununua nyingine. Aghalabu hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi kusikizwa. Ziko hatua zisizogharimu hata senti moja ambazo, zikifuatwa kwa taratibu, hubainisha ila ilipo, na insafu yataka zitangulizwe hizo kabla ya mfuko kufunguliwa.

Zamani programu hizi hazikuwa na haja kubwa na kadi. Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, na kutolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1990, ilifanya hesabu zake zote katika prosesa kuu, na kadi ikawa ni mtumishi wa kufikisha matokeo kwenye kioo tu. Mwaka 2008, katika toleo lililoitwa CS4, kadi ilianza kushirikishwa katika kuonyesha picha, ili iweze kukuzwa na kuzungushwa bila kukwamakwama. Na mwaka 2012, katika toleo la CS6, ikakabidhiwa baadhi ya hesabu zenyewe, kama vile za kuvuta na kufinya maumbo. Sababu ya ushirika huo ni nyepesi kufahamika: prosesa kuu ina viini vichache vyenye nguvu nyingi, lakini kadi ina viini vidogo kwa mamia au kwa maelfu, vyenye kufanya hesabu ya namna moja juu ya pikseli nyingi kwa wakati mmoja, na picha si kitu ila pikseli nyingi zinazongojea hesabu ya namna moja. Tangu hapo kazi ikawa nyepesi, lakini maradhi ya kadi yakawa pia maradhi ya programu.

Yafaa basi mtu ajue njia ambayo picha hupita mpaka kufika machoni pake. Hutoka katika faili, ikasomwa na programu. Programu ikaamuru kadi kwa ulimi wa draiva, yaani ile programu ndogo itengenezwayo na wenye kuunda kadi ili mfumo wa kompyuta upate kuelewana nayo. Kadi ikachora, kebo ikachukua, na kioo kikaonyesha. Ila yaweza kuzaliwa katika kituo chochote cha njia hiyo, na dalili zake zikafanana machoni, hata anayetazama kioo peke yake asiweze kupambanua. Kwa sababu hiyo fundi mwenye hekima huanza kwa kuikata njia vipande viwili na kuuliza kasoro iko upande upi.

Shahidi wa kwanza ni skrinshoti. Miraba au mistari ya ajabu itokeapo juu ya picha, ipigwe skrinshoti, ihamishiwe katika simu au kompyuta nyingine, na itazamwe huko. Kasoro ikionekana katika nakala hiyo, maana yake ilikwisha kuwamo katika picha iliyochorwa ndani ya kompyuta, na kioo hakina hatia. Nakala ikiwa safi, tuhuma huhama kutoka kwa programu na kuiangukia aghalabu kebo, tundu lake, au kioo chenyewe, na kebo nyingine ya kuazima yaweza kumaliza shauri lote. Shahidi huyu ni mwaminifu kwa maumbo, bali kwa rangi asitegemewe, kwa kuwa kila kioo kina tabia yake ya kuonyesha rangi.

Ikiwa skrinshoti imeonyesha kwamba kasoro imo ndani, hatua ya pili ni kuitenga kadi. Katika Photoshop ya Windows huingiwa katika menyu ya Edit, kisha Preferences, kisha Performance, na alama iliyo mbele ya maneno Use Graphics Processor ikaondolewa. Programu hufungwa na kufunguliwa upya, na picha ile ile, wala si nyingine, hujaribiwa tena. Lightroom Classic nayo ina mahali pa namna hiyo. Anayetumia darktable huzima OpenCL, ambayo ndiyo njia yake ya kuitumia kadi, na mwenye GIMP, ambayo haiitegemei sana kadi, aweza kuifungua picha humo kwa kulinganisha. Kasoro ikibaki vile vile baada ya kadi kutengwa, chanzo huenda ni faili lililoharibika au mipangilio ya programu iliyovurugika. Na mipangilio ya Photoshop hurudishwa katika hali yake ya asili kwa kushikilia vitufe vya Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja mara tu programu inapoanza kufunguka, kwa sharti kwamba mtu awe amekwisha kuhifadhi kando yale aliyojitengenezea mwenyewe, kwa maana mipangilio yake ya zamani itafutwa.

Lakini kasoro ikitoweka, wengi hupaza sauti kwamba kadi imepatikana na hatia, nao wameharakisha. Kilichothibiti ni kwamba pana mfarakano mahali fulani kati ya programu, draiva na kadi, na katika watatu hao mkosaji wa mara kwa mara ni draiva. Windows huweza kujiwekea draiva yake yenyewe wakati wa kujisasisha, ikapitwa na ile ya mtengenezaji, na programu iliyotoka karibuni ikadai mambo ambayo draiva ya zamani haiyajui. Dawa ni kuchukua draiva kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, awe NVIDIA, AMD au Intel, na kuchagua usakinishaji safi unaofuta masalio ya ile iliyotangulia. NVIDIA hutoa draiva za namna mbili, moja kwa wapenda michezo na nyingine, iitwayo Studio, kwa wenye kazi za picha na video. Mwenye studio huchagua hii ya pili. Wala upya si dhamana ya uzima: kasoro iliyoanza siku ya pili baada ya kusasisha draiva yaashiria kwamba dawa ni kuirudisha ile ya nyuma, jambo linalowezekana katika Device Manager ya Windows. Kwa watumiaji wa Mac draiva huja pamoja na mfumo wa macOS, basi wao husasisha mfumo wenyewe.

Lile tukio la kioo kuzimika ghafula na kuwaka tena lina tafsiri yake. Tangu zama za Vista, Windows huilinda kompyuta isigande kwa kuingojea kadi muda wa sekunde 2. Kadi isipojibu, mfumo huianzisha upya draiva, na kioo huwa cheusi kwa kitambo. Picha nzito ikitiwa chujio zito juu ya kadi dhaifu yaweza kuupita muda huo ijapokuwa hapana kilichoharibika. Uzito wenyewe wahesabika: picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24, na kila pikseli ikichukua baiti 4, tabaka moja lililojaa ni megabaiti 96, rangi zikihifadhiwa kwa biti 16, hesabu huwa mara mbili. Mwenye matabaka kumi na kadi yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu asistaajabu kuona kadi imeelemewa, wala mwenye kadi ya zamani isiyojua DirectX 12 asistaajabu kuona matoleo ya sasa ya Photoshop yakiikataa.

Yako pia mambo mawili madogo yanayowasumbua watu. La kwanza ni laptopu zenye kadi mbili, moja dhaifu iliyomo katika prosesa na moja yenye nguvu. Ili kuokoa betri, mfumo huweza kuipa programu ile dhaifu, na mwenye mali akaamini ya kwamba kadi aliyoilipia haina kazi. Katika mipangilio ya Windows, chini ya Display na kisha Graphics, programu huweza kuchaguliwa na kuamriwa itumie kadi yenye nguvu. La pili ni kompyuta ya mezani ambayo kebo ya kioo imechomekwa katika tundu la ubao mama badala ya tundu la kadi. Kadi hukaa bila kushika kioo, na tiba yake ni kuhamisha kebo.

Kasoro isiyoonekana asubuhi, ikaja baada ya kazi ya nusu saa na kuondoka kompyuta ikipumzika, yazungumza habari ya joto. Vumbi huziba feni na mapezi ya kupozea, na katika miji ya pwani hewa ya chumvi hula metali ya viunganishi. Kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa katika umeme, kadi huweza kutolewa, kupulizwa vumbi, kusafishwa meno yake ya shaba kwa uangalifu, na kurudishwa mahali pake ikakaa sawasawa.

Mlango wa rangi ni mlango mwingine kabisa, kwa kuwa rangi huweza kusema uongo hali vyombo vyote ni vizima. Karatasi nyeupe ikionekana ya manjano katika programu ya picha peke yake, mshukiwa wa kwanza ni profaili mbovu ya kioo (yaani faili linaloieleza programu jinsi kioo kinavyoonyesha rangi), ambayo pengine ilikuja na draiva ya kioo hicho. Ibadilishwe kwa muda kuwa sRGB, kile kipimo kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na majibu yaangaliwe. Manjano yakienea kioo kizima nyakati za jioni, itazamwe kama ile taa ya usiku ya Windows haikuachwa ikiwaka. Weusi ukififia kuwa kijivu kwa kebo ya HDMI, yamkini kadi inapeleka ngazi za rangi kutoka 16 hadi 235, kama zifanyavyo televisheni, hali kioo chatazamia 0 hadi 255.

Malalamiko makubwa ya studio zetu, hata hivyo, ni picha iliyopendeza kiooni ikatoka na giza karatasini, nyuso za watu zikapoteza umbo katika kivuli. Hapo hapana kilichoharibika. Ni kioo kinachong'aa kupita kiasi. Kwa picha za kuchapwa hupendekezwa mwangaza wa candela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba, na vioo vingi hutoka dukani vikiwa na uwezo wa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mhariri aliyekaa mbele ya mng'ao huo huiona ngozi nyeusi ina nuru ya kutosha, naye huacha kuiongezea nuru ambayo karatasi ilikuwa ikiihitaji. Kupunguza mwangaza wa kioo hakugharimu kitu. Kifaa cha kupimia rangi za kioo hugharimu, lakini humaliza ubishi kwa kuandika profaili iliyo kweli.

Katika hatua zote hizi sharti ni moja, kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuandika kilichotokea, maana aliyebadili draiva, kebo na mipangilio katika saa moja hata akipona hajui alichopona kwacho. Na ikiwa baada ya yote kadi ingali inatuhumiwa, ipachikwe katika kompyuta nyingine: ila ikihama nayo, hukumu imethibiti, ikibaki nyuma, pawa saplai au ubao mama uulizwe. Hapo ndipo fedha itolewe, na hata hapo mwenye studio ajiulize aitoe kwa lipi kwanza. Ambaye kazi yake huishia karatasini, kadi yake ikawa ya kadiri na kioo chake hakijapimwa, anunue kipimo cha rangi kabla ya kadi kubwa. Kwa sababu kadi ya kadiri humpotezea dakika zake mwenyewe, bali kioo chenye uongo humpotezea karatasi, wino, na mteja aliyekwisha kulipa.